Nunua Mipigo, Usinunue Gemu: Mazoezi ya Snuka na Pool kwa Mtu wa Msuka

Kijana wa Msuka, Pemba, huipenda snuka kwa macho kabla ya mikono. Anaifuatilia kwenye simu, anamwona Ronnie O'Sullivan mwaka 1997 akisafisha meza na kukusanya pointi 147 kwa muda usiofika dakika 5 na nusu, kisha anatoka nje kutafuta pa kujaribu. Anachokikuta, akibahatika, ni meza ya pool ya sarafu chini ya paa la bati, labda Konde, labda Wete: kitambaa kimechakaa, fimbo ni mbili na moja haina ncha. Meza kamili ya snuka, ile ya futi 12, iko ng'ambo ya maji, kwenye klabu za wanachama za miji mikubwa.

Hapo ndipo pesa inapopotea. Wapo wanaotia sarafu kila jioni mwaka mzima na mkono ukabaki palepale. Wapo wanaokusanya nauli waende mjini kucheza saa moja kwenye meza kubwa, wakarudi na picha tu. Na wapo wanaomlipa "bingwa" wa maskani awafundishe, akawafundisha kushindwa naye.

Ushauri wa makala haya ni mmoja, na mengine yote ni namna ya kuutekeleza: usihesabu umelipa gemu ngapi, hesabu umepata mipigo mingapi yenye faida. Mpigo wenye faida ni ule ambao kabla ya kupiga ulijua unataka nini, baada ya kupiga uliona kilichotokea, na unaweza kuurudia ukiwa umebadilisha kitu kimoja. Mpigo wa namna hiyo unaweza kuupata kwa shilingi chache sana ukiwa Pemba. Unaweza pia kuukosa kwa bei kubwa ukiwa popote.

Kwanza jua tofauti ya meza hizi mbili

Snuka ilizaliwa Jabalpur, India, mwaka 1875, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza, na ilisafiri pamoja na klabu zao. Ndiyo maana hadi leo Afrika Mashariki meza zake ziko zaidi ndani ya klabu kongwe, kama Gymkhana ya Dar es Salaam au Nairobi Club, kuliko mitaani. Meza yake ina uwanja wa sentimita 357 kwa 178, umelazwa juu ya vipande vitano vya jiwe, na uzito wake wote unakaribia tani moja na nusu. Kuisafirisha, kuisawazisha na kuibadilishia kitambaa ni kazi ya fundi maalumu. Bei ya saa moja kwenye meza hiyo inabeba gharama hizo zote, kwa hivyo usishangae ikiwa kubwa.

Meza ya pool ya mtaani mara nyingi ni ya futi 7. Uwanja wake ni kama futi 6 kwa 3, yaani robo tu ya eneo la snuka. Mashimo yake yanasamehe zaidi. Mipira ya snuka yote ina upana wa milimita 52.5, ukiwemo mweupe. Kwenye meza nyingi za sarafu mweupe hutofautiana na mingine ili mashine iutambue na kuurudisha: pengine ni mdogo, pengine ni mzito zaidi, pengine una sumaku ndani. Mweupe ulio mdogo na mwepesi hurudi nyuma kwa urahisi ukiupiga chini, lakini ni mgumu kuusukuma mbele baada ya kugonga mwenzake. Ulio mzito hufanya kinyume chake. Ukilijua hilo hutashangaa siku utakapokutana na mweupe wa snuka, na hutajisifu kwa mpigo ambao sifa yake ni ya mpira mwepesi.

Hata hivyo, yale yanayomwangusha anayeanza hayategemei ukubwa wa meza: fimbo kutokwenda mstari ulionyooka, kichwa kuinuka kabla mpira haujaondoka, na nguvu isiyopimwa. Hayo matatu yanatibika kwenye futi 7, na sehemu yake kubwa inatibika bila meza yoyote.

Hesabu ya sarafu

Tuseme gemu moja ni shilingi 500. Ukitumbukiza sarafu, mipira 15 inashuka. Mpira ukiingia shimoni umekwenda, ukikosa unabaki mezani. Anayeanza, mwenye kuingiza mpira mmoja katika kila mipigo mitatu, atapiga kama mara 45 kabla meza haijabaki tupu. Kila mpigo umemgharimu shilingi 11 hivi. Mwenzake aliyeiva, anayeingiza minne katika kila mitano, ataimaliza mipira hiyohiyo kwa mipigo 19 hivi, na kila mmoja umemgharimu kama shilingi 26. Kwa maneno mengine, meza ya sarafu humtoza zaidi anayejua zaidi.

Kutokana na hesabu hiyo zinatoka kanuni tatu.

Ya kwanza: ukiwa bado mwanzoni, lipa kwa sarafu, lakini cheza peke yako. Mkicheza wawili mkachangia, umelipa 250 na umepata takriban nusu ya mipigo, tena mingi si ile uliyohitaji kuifanyia kazi. Mechi ni mtihani, na mtihani wa kila siku haumfundishi mtu kusoma.

Ya pili: mipigo isiyoingiza mpira haili sarafu. Sarafu moja inaweza kukupa saa nzima ya kufanyia kazi mwendo wa mweupe, kingo na nguvu, mradi hupeleki kitu shimoni. Mazoezi hayo yameelezwa hapo mbele.

Ya tatu: ukishaanza kuingiza zaidi ya nusu ya unachopiga, acha sarafu na uombe bei ya saa. Mtu anayejipangia mipira mwenyewe anaweza kupiga kama mara mbili kwa dakika, yaani mipigo 120 kwa saa. Ukikubaliwa saa kwa shilingi 2,000, kila mpigo ni chini ya shilingi 17, na hapo unairudia mipira yako upendavyo.

Kagua meza kabla ya kulipa

Ukaguzi huu hauchukui zaidi ya dakika tano, na mwenye meza mwelewa hataudhika. Lengo ni kutenganisha kasoro za aina mbili: zile zinazokuchelewesha tu, na zile zinazokufundisha uongo.

Anza na usawa. Viringisha mpira polepole kwa mkono kando ya ukingo mrefu, kwenda na kurudi, halafu katikati ya meza, halafu kwa upana. Mpira unaokaribia kusimama ndio unaosema kweli, kwa sababu wenye kasi huficha mteremko. Ukiona unapinda mahali pamoja kila mara, kuna mteremko. Meza nyingi zina skrubu za kusawazisha miguuni, kwa hivyo omba pimamaji, mtie kibao au zungusheni skrubu, kisha mjaribu tena. Meza iliyolala upande ni mizani iliyochezewa: ukijizoeza nayo utajifunza kulenga pasipo lengo, na kosa hilo utalibeba mpaka kwenye meza nzuri. Kama haisawazishiki, usilipe.

Kisha kingo. Piga mweupe kwa nguvu ileile kuelekea kila ukingo na uangalie unarudi umbali gani. Ukingo uliokufa hutoa mlio mzito na mpira hurudi kivivu. Ukingo mmoja uliokufa unavumilika, ukiujua na ukafanyia mazoezi yako upande wa pili.

Tatu, kitambaa. Pitisha kiganja. Sehemu iliyochanika karibu na shimo, au kibonde pale mweupe unapowekwa kufungulia gemu, itaukamata mpira. Pemba ina lake jingine: unyevu. Wakati wa masika, na usiku wowote karibu na bahari, kitambaa hunywa maji ya hewani, mpira unakuwa mzito na kingo zinabadilika tabia. Hiyo ni kasoro ya kuchelewesha tu. Ipime kwa kupiga mweupe nguvu ya wastani na kuhesabu umevuka urefu wa meza mara ngapi kabla ya kusimama. Andika namba hiyo kila siku unapoanza. Siku ikishuka, ujue ni unyevu, usianze kubadilisha mkono wako.

Nne, mipira. Mpira mchafu hung'ang'ania mwenzake wakati wa kugongana na kumtupa nje ya mstari, nawe ukadhani umelenga vibaya. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa kikavu vinatosha. Uliobanduka kipande uweke kando.

Tano, mwanga na nafasi. Taa moja iliyo nyuma yako inaweka kivuli chako juu ya mpira. Ukuta ulio karibu unakulazimisha kuinua kitako cha fimbo, na tabia hiyo ikishaingia haitoki upesi. Chagua pande za meza ambazo mkono unaweza kurudi nyuma kwa uhuru, uzifanyie mazoezi hizo pekee.

Ukiulizwa kipi kitangulie, jibu ni usawa, halafu nafasi, halafu mipira. Kitambaa kikuukuu kilicho sawa ni bora kuliko kipya kilicho juu ya ubao uliopinda.

Zungumza na mwenye meza

Meza ya mtaani huingiza pesa baada ya isha, na mchana mara nyingi imelala. Mwenye meza hapotezi kitu akikupa saa moja ambayo hakuna mtu, na wewe unapata utulivu. Mwendee wakati hana wateja, umsalimie, umweleze kuwa unataka mazoezi ya peke yako, saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa bei ya jumla. Omba jambo moja muhimu: afungue kwa ufunguo mlango wa mipira, ili iliyoingia uichukue na kuipanga tena bila sarafu. Akisita, mpe kitu ambacho kwake kina thamani kuliko shilingi mia tano: utapiga brashi kitambaa, utaosha mipira, utaifunika meza ukimaliza. Meza iliyotunzwa inamletea wateja jioni.

Usizibe mashimo kwa matambara bila ruhusa. Ni njia nzuri ya kuzuia mipira isipotee, lakini mwenye meza akikukuta ataona unamwibia, na atakuwa na haki.

Yapo pia mambo ya mahali petu ambayo yana gharama isiyoandikwa ukutani. Ule utaratibu wa aliyeshindwa kulipia meza wapo masheikh wanaouhesabu kuwa kamari, kwa sababu pesa inafuata ushindi. Ukitaka kukaa mbali na shaka, changieni nusu kwa nusu kabla ya mpira wa kwanza, ashinde atakayeshinda. Dau la pembeni likataeni kabisa: linaharibu mchezo, linaleta ugomvi, na linamfungia mlango mdogo wako ambaye kesho angetaka kujifunza. Adhana ikilia, fimbo zilale. Na saa za asubuhi, ingawa ndizo za bei nafuu, zina bei nyingine. Viongozi wa nchi wamewahi kuwasema majukwaani vijana wanaoonekana kwenye meza za pool saa za kazi, na mzee wako naye ana macho. Baina ya alasiri na magharibi ni wakati mzuri: mwanafunzi ametoka skuli, mwenye mwani au mvuvi amepumzika, na jina lako linabaki salama.

Mazoezi yasiyokula sarafu

Nyumbani, tafuta chupa tupu ya soda, ya kioo. Ilaze mezani, weka mkono wa mbele kama unavyoushikia fimbo, kisha ingiza ncha ya fimbo shingoni mwa chupa na kuitoa, mbele na nyuma, bila kugusa kioo. Kioo kikilia, mkono umepinda. Huna fimbo? Fito iliyonyooka na kulainishwa inatosha kuanzia. Dakika kumi kila siku za zoezi hili zinaunyoosha mkono kuliko gemu nyingi za usiku. Kwa kichwa na mabega, tumia mstari wa sakafu au uzi uliouvuta chini: fimbo, kidevu na kiwiko cha nyuma vyote viwe juu ya mstari huo, na mtu mwingine akuangalie kutoka mbele.

Mezani, weka mweupe katikati ya ukingo mfupi, mbele kidogo, na uupige ukaguse ukingo wa pili na kurudi kwenye ncha ya fimbo yako. Usiinuke mpaka urudi. Ukirudi kulia au kushoto, ama hukuupiga katikati ama fimbo ilipinda. Piga mara 20 na uandike mingapi imerudi ndani ya upana wa mpira mmoja. Zoezi hili ndilo kipimo chako kikuu, kwa sababu haliwezi kudanganywa na bahati.

La pili ni nguvu. Kutoka ukingo mmoja, peleka mweupe usimame karibu na ukingo wa pili, usizidi shubiri moja. Kisha uende na kurudi usimame karibu na ulipoanzia. Kisha mara tatu. Mchezaji asiyejua nguvu hawezi kuuweka mweupe mahali pa mpigo unaofuata, hata awe na jicho la namna gani.

La tatu ni kusimamisha. Panga mpira mwingine futi moja mbele ya mweupe, uelekee ukingo badala ya shimo. Piga chini kidogo ya katikati ili mweupe usimame pale pale ulipogongana. Ongeza umbali polepole. Mpira uliogongwa utarudi kutoka ukingoni na kuendelea kuwepo mezani, na sarafu haijaliwa.

Baada ya hayo matatu, tumia mipira 15 kwa kuingiza: panga mipira iliyonyooka kuelekea shimo moja, kila mmoja kutoka umbali uleule, na uhesabu umeingiza mingapi katika 10 ya kwanza. Usibadilishe shimo wala umbali mpaka ufikie 8. Keram ya barazani nayo inasaidia jicho la pembe, lakini haifundishi mkono wa fimbo, basi ichukue kuwa burudani yenye faida ndogo.

Daftari ni sehemu ya vifaa. Tarehe, hali ya meza, matokeo ya mazoezi manne. Bila daftari utakumbuka mipigo mizuri tu, na hutajua kama pesa yako inazaa.

Kocha: nani, na kwa nini umlipe

Steve Davis, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia mara sita kati ya 1981 na 1989, aliongozwa mwanzoni na baba yake, Bill, ambaye hakuwa mchezaji mkubwa. Walichokuwa nacho ni kitabu cha Joe Davis, bingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1927, ambaye hakuwa ndugu yao licha ya kuchangia jina. Mzee alisoma, kijana akapiga, mzee akaangalia kama kilichoandikwa kimefanyika. Ukocha wa mwanzo hauhitaji bingwa. Unahitaji jicho la mtu asiyepiga, anayejua nini cha kuangalia, na anayerudi kesho.

Kwa hivyo kabla ya kumlipa mtu, mpime. Mwalimu wa kweli anaangalia miguu, kiwiko na kichwa chako kabla hajaangalia mpira umekwenda wapi. Anakupa jambo moja la kurekebisha, hakupi saba. Anakwambia utafanya nini ukiwa peke yako, na akikutana nawe tena anauliza umefikia wapi. Bingwa wa maskani aliye kinyume chake utamjua upesi: anachukua fimbo yako kukuonesha, anapiga mwenyewe nusu saa, kila kosa lako analimaliza kwa "piga hivi", na mwisho anapendekeza mcheze kwa dau.

Muulize swali moja kabla ya pesa kutoka: "Ukiniangalia mipigo kumi, utanirekebisha nini kwanza?" Mpe hiyo kumi. Akijibu kwa jambo unaloweza kuliona na kulipima, mlipe kwa kipindi kimoja. Usilipe mwezi mzima mbele. Kipindi kimoja kila wiki mbili, pamoja na mazoezi yako mwenyewe katikati, kinatosha. Anayekutana na kocha kila siku hana muda wa kuyafanyia kazi aliyoambiwa.

Kama hakuna wa karibu, simu inasaidia. Iegemeze upande wa pili wa meza, kwenye mstari wa mpigo wako, kimo cha fimbo, na urekodi mipigo kumi. Kisha iweke ubavuni, urekodi kumi nyingine. Ya kwanza inaonesha kama fimbo inakwenda moja kwa moja, ya pili inaonesha kama kiwiko kinashuka na kichwa kinainuka. Pemba ina watu wengi Muscat na miji mingine ya Ghuba, ambako kumbi za snuka zipo. Ndugu anayecheza huko anaweza kuangalia video yako kwa WhatsApp, au kumwonesha anayejua. Chama cha dunia cha biliadi na snuka ya kulipwa, WPBSA, hutoa vyeti vya ukocha, na mwenye cheti hicho ana haki ya kutoza zaidi. Lakini mlipe baada ya kuwa na daftari la kumwonesha, ili saa yake isiishie kwenye mambo ambayo chupa ya soda ingekufundisha.

Fimbo kabla ya vingine

Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu, anza na kidogo kuliko unavyodhani: ncha ya ngozi na chaki. Ncha iliyobapa au ngumu kama jiwe huteleza kwenye mpira, na fimbo nzuri yenye ncha mbaya haina maana. Ncha iwe na mviringo kidogo, igande vizuri, ipakwe chaki kila mpigo.

Ukiweza fimbo yako mwenyewe, chagua ya vipande viwili, maana ya kipande kimoja, yenye urefu wa karibu mita moja na nusu, ni taabu kwenye daladala na kwenye boti. Ncha ya snuka huwa milimita 9.5 hadi 10, nyembamba kuliko fimbo nyingi za pool ya Kimarekani. Itazame kwa jicho moja kutoka kitakoni hadi nchani huku ukiizungusha, ukitafuta pindo. Ukiwa nayo, usiiegemeze ukutani wala usiiache juani. Joto na unyevu wa pwani hupinda mti ulioachwa ukiegemea. Ilaze au itundike.

Siku ukipata meza ya futi 12

Huenda una safari ya Dar es Salaam au Mombasa kwa shughuli nyingine, na una saa moja ya kulipia. Piga simu kwanza na uulize mambo matano: asiye mwanachama anaruhusiwa au lazima aje na mwenyeji, bei ni ya saa au ya gemu, kuna malipo ya taa, kitambaa kimebadilishwa lini, na mtu wa peke yake anakubaliwa kufanya mazoezi. Uliza pia mavazi. Klabu nyingi za zamani zinataka shati lenye kola na viatu.

Usicheze gemu na rafiki katika saa hiyo. Dakika 10 za kwanza zitoe kwa nguvu, kwa kuupeleka mweupe urefu wa meza na kuurudisha, maana masafa ni mara mbili ya uliyoyazoea. Dakika 20 zinazofuata weka mpira wa buluu mahali pake katikati, mweupe nyuma yake kwenye mstari mmoja na shimo la pembeni la mbali, na uingize. Hapo utaujua ukweli wa mkono wako. Dakika 20 nyingine panga mipira mitatu tu myekundu kati ya waridi na mweusi, na usafishe kwa utaratibu wa mwekundu kisha wa rangi. Zilizobaki zifanye za kujilinda: kugusa mwekundu kidogo na kuurudisha mweupe mpaka ukingo wa chini. Pitisha kiganja kitambaani pia, utahisi kinalala upande mmoja. Mpira wa polepole unaokwenda kinyume cha malazi hayo unaweza kupinda, na meza za pool hazina tabia hiyo kwa kiasi hicho.

Na usikate tamaa ukikosa kufikisha pointi 50 katika mfululizo mmoja wa mipigo. Perrie Mans wa Afrika Kusini alishinda Masters ya mwaka 1979, moja ya mashindano makubwa ya mchezo huu, na mfululizo wake mkubwa katika mashindano yale ulikuwa pointi 48. Alishinda kwa kuingiza mipira migumu na kumnyima mwenzake nafasi.

Mkitaka kununua meza yenu

Kikundi cha vijana kinaweza kufikiria kuchanga. Sahauni futi 12: chumba chake kinataka kama futi 22 kwa 16, sakafu ya kubeba uzito ule, na fundi ambaye hamtampata kisiwani kila mkimtaka. Ya futi 7 inataka chumba cha kama futi 16 kwa 13 ili fimbo ya urefu kamili isigonge ukuta. Ulizeni kitanda chake ni jiwe au ubao. Ubao wa kubandikwa hunywa unyevu wa pwani na kuvimba, na ukivimba hausawazishiki tena. Jiwe ni ghali na zito, hubebwa likisimama ubavu ili lisipasuke, lakini ndilo linalodumu. Nunueni na kitambaa cha akiba wakati uleule, kagueni paa halivuji, na kila saa ya kukodisha mtenge sehemu ya matengenezo kabla ya kugawana chochote.

Kabla ya kufika huko, anzeni na mwezi mmoja wa majaribio kwa mpango huu: chupa kila siku, meza ya jirani mara mbili kwa wiki kwa sarafu au kwa bei ya saa, jicho la mtu mmoja mara mbili kwa mwezi, daftari muda wote. Mwisho wa mwezi gawa pesa yote uliyotumia kwa idadi ya mipigo uliyoandika, halafu tazama zoezi la mweupe kwenda na kurudi limepanda kutoka ngapi hadi ngapi katika 20. Kama limepanda, ongeza saa moja kwa wiki. Kama limebaki palepale, usiongeze shilingi: badilisha meza, au badilisha anayekuangalia.